Kipimo cha London, damu ya Muheza

Najua nimepotea, wengine mmenitumia meseji mkidhani nimeacha chuo. Sijaacha. Ni test juu ya test, na hapa Kihonda Maghorofani joto la mwezi huu mnalijua wenyewe, ukishika daftari saa nane mchana unaamka saa kumi na moja umelilalia. Leo sina habari za bumu wala za supu. Leo nataka kubishana.

Chanzo ni diskasheni yetu. Tuko sita, tunakaa barazani kwa mama mwenye nyumba wangu kwa sababu pale kuna feni na mama hana neno mradi tusimchafulie. Tumepewa mada ya kuwasilisha darasani: vipimo vya damu vinavyoweza kuonyesha mapema, mimba ikiwa bado changa, mama gani atakuja kupata presha ya mimba. Sasa mwenzetu mmoja, yule tunayemwita Mwenyekiti, akasema jambo ni rahisi, serikali inunue hizo mashine, kila zahanati iwe nayo, na kifafa cha mimba kitakuwa historia. Mwingine akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu, sisi zahanati zetu hata panado zinaisha, tuachane nayo. Wakagawana watatu kwa wawili. Mimi nikabaki katikati napinga pande zote mbili, wakaniambia sina msimamo. Msimamo ninao, ndiyo huu naandika.

Kwanza niseme kwanini mada hii inanigusa. Kwetu ni Mgeta, kule juu Uluguru, upande wa Nyandira. Dada yangu mkubwa alipata mimba ya kwanza mwaka 2019. Miezi saba ilipotimia akaanza kulalamika kichwa, kichwa kisichosikia dawa, halafu anasema anaona vinyota vinacheza mbele ya macho, uso umevimba mpaka pete haivuliki kidoleni. Shangazi akasema ni mtoto wa kiume huyo, ndiyo maana anamvimbisha. Siku ya tatu akaanguka anatetemeka, povu mdomoni, na hapo ndipo maneno ya mashetani yakaanza. Walimshusha kwa pikipiki mpaka lami, na yeyote aliyepita ile barabara ya Mgeta wakati wa masika anajua ninachosema. Alipofika mjini akachomwa sindano ya magineziamu, akazalishwa. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Sasa dada ni mjamzito tena. Wiki chache zilizopita kanipigia simu usiku, sauti ya chini kama mtu anayeficha, akaniambia: "Mdogo wangu, wewe si unasoma mambo ya damu? Nasikia siku hizi kuna kipimo kinakwambia mapema. Kipo hapo Morogoro?"

Kwa hiyo kwangu hii haikuwa mada ya maksi. Nikaingia kusoma kweli kweli.

Ngoja niwaambie kwa ufupi mambo yenyewe yakoje, maana wengi tunasema tu "presha ya mimba" kama vile ni presha ya babu iliyohamia kwa mjukuu. Siyo. Kiini chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, kondo linatakiwa kujichimbia kwenye mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa ya damu ya mama ili ipitishe damu nyingi. Kwa akina mama fulani kazi hiyo haifanyiki vizuri, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha. Mama hajui lolote, hana dalili, anakwenda shambani kama kawaida. Miezi inapita. Baada ya wiki 20 ndipo presha inapanda kufika 140 kwa 90 au zaidi, protini inaonekana kwenye mkojo, figo na ini vinaanza kuumia, na ikifika kwenye ubongo ndiyo kile kifafa.

Kumbe katikati ya hiyo miezi damu inakuwa imeshaanza kusema. Kuna protini inaitwa PlGF, inatoka kwenye kondo na kazi yake ni kuilisha na kuitunza mishipa ya damu. Kuna nyingine inaitwa sFlt-1. Hii ya pili nawaelezea kwa mfano wa stendi ya Msamvu. Chukulia PlGF ni abiria, na kwenye ukuta wa mshipa kuna mabasi yanayowasubiri, abiria akipanda basi linaondoka na kazi inafanyika. sFlt-1 ni basi bovu lililochomolewa injini. Limepakwa rangi ileile, lina mlango uleule, linaita abiria, wanapanda, wanakaa, haliendi popote. Mabasi bovu yakijaa stendi, abiria wote wameshikwa humo, na mishipa ya mama inakosa matunzo. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston, akina Sharon Maynard na Ananth Karumanchi, walionyesha kwamba ukiwatia panya wenye mimba sFlt-1 nyingi, wanapanda presha na mkojo wao unatoa protini. Mwaka uliofuata ikaonekana kwa akina mama wenyewe kwamba sFlt-1 inaanza kupanda kama wiki tano kabla ya ugonjwa kujionyesha, na PlGF inakuwa chini hata mapema zaidi, kuanzia wiki ya 13 hadi 16.

Hapo ndipo kila mtu akachangamka. Utafiti unaotajwa sana ni wa ASPRE, uliotoka mwaka 2017, ukiongozwa kutoka London na Profesa Kypros Nicolaides. Walichukua akina mama wa wiki 11 mpaka 14, wakapima PlGF na protini nyingine inaitwa PAPP-A, wakapima presha, wakaangalia kwa utrasaundi damu inavyopita kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, wakaongeza historia ya mama, wakatia vyote kwenye hesabu ya kompyuta. Walioonekana wana hatari kubwa wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku mpaka wiki ya 36, nusu wakapewa kidonge tupu. Waliopata ile presha mbaya inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 4.3 kwa waliomeza kidonge tupu, na asilimia 1.6 kwa waliomeza aspirini. Aspirini, jamani. Dawa ya kichwa ya bibi zetu.

Mwenyekiti alipofika kwenye hiyo takwimu akapiga meza. Mimi nikamwambia isome tena polepole. Hawa wote walikuwa wameambiwa na kipimo kwamba wana hatari kubwa. Katika kila 100 wa kundi la kidonge tupu, karibu 96 hawakupata kile kitu. Yaani kipimo kinapokwambia "wewe uko hatarini" hakijakwambia utaugua, kimekwambia uko kwenye foleni ambayo wachache wataitwa. Ukigawanya hesabu, inabidi akina mama kama 37 wameze aspirini ili mmoja aokolewe na ugonjwa wa mapema. Kwa dawa ya bei ya pipi hiyo ni biashara nzuri sana, siibezi hata kidogo. Lakini fikiria jinsi habari hiyo itakavyopokelewa na binti wa miaka 19 anayeishi chumba kimoja Kihonda Bima na mume dereva bodaboda. Ataambiwa "damu yako mbaya". Mama mkwe atasikia nusu. Aliyetunga kipimo hakai naye usiku huo.

Sasa nirudi kwa dada. Nilipomaliza kusoma, jibu langu kwake lilikuwa kwamba kipimo hicho hakihitaji. Hakuelewa, akadhani namficha kitu. Lakini angalieni. Kule Moshi, hospitali ya KCMC ina daftari la uzazi linaloandika kila mama anayejifungulia pale tangu kama mwaka 2000. Mwaka 2013 akina Mahande walilichambua wakakuta kwamba mama aliyepata ugonjwa huu kwenye mimba iliyotangulia, uwezekano wa kuupata tena ni asilimia 25. Mmoja kati ya wanne! Huo uwezekano ni mkubwa kuliko wa wale waliochaguliwa na mashine za London, na umepatikana kwa swali moja la bure: mimba iliyopita ulipata presha? Shirika la Afya Duniani linasema wazi, mama mwenye historia hiyo, au mwenye kisukari, presha ya siku zote, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha, aanzishiwe aspirini kidogo, miligramu 75, kabla ya wiki 20. Hakuna mahali waliposema mpaka mashine ije.

Dada akashuka mjini akiwa wiki ya 13, daktari akamsikiliza, akamwandikia, akampa na tarehe za karibu karibu za kupima presha. (Na tafadhali, asitoke mtu hapa kwenda kununulia mke wake aspirini duka la dawa kwa sababu kasoma kwangu. Kuna watu haiwafai. Mwacheni daktari aulize maswali yake.) Kilichonisikitisha ni kwamba dada amekuwa akihudhuria zahanati moja kule juu, siitaji, na hakuna aliyemuuliza swali lile. Kadi ya kliniki ina nafasi ya historia. Imeachwa nyeupe. Mashine ya presha ya hapo ilikuwa haina betri siku aliyokwenda, wakamwambia aje wiki ijayo. Saa mbili kwa miguu kwenda, saa mbili kurudi. Halafu Mwenyekiti anataka pale pale pakae mashine inayotaka damu izungushwe, itunzwe kwenye ubaridi, na vitendanishi vyenye tarehe ya kuisha. Haya.

Kwa hiyo nimekuwa upande wa wale wawili? Subirini.

Swali la bure lina shimo moja kubwa. Mama wa mimba ya kwanza hana mimba iliyopita ya kuulizwa. Na ugonjwa huu unawapenda hao hao, wa mimba ya kwanza. Dada mwaka 2019 ungemuuliza nini? Alikuwa na miaka 21, mzima, anapanda mlima na ndoo kichwani, hana kisukari, hana figo. Kwake swali lingekaa kimya. Damu peke yake ndiyo ingeweza kusema. Kwa hiyo mtu anaposema vipimo hivi ni mambo ya wazungu anawaambia mabinti wa mimba ya kwanza wasubiri waugue mara moja kwanza ndipo waingie kwenye orodha ya kusaidiwa. Hilo silikubali.

Na hapa ndipo nilipokutana na kitu kilichonifanya niandike leo, kitu ambacho hakikuwa kwenye zile karatasi tulizopewa. Muheza, Tanga. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa wakifuatilia malaria kwa akina mama na watoto pale Muheza, akiwemo Mtanzania Theonest Mutabingwa, walichapisha kazi yao kuhusu malaria ya kwenye kondo na presha. Vijidudu vya malaria vinapenda kujificha kwenye kondo, na kondo la mimba ya kwanza ndilo halina kinga. Walikuta kwamba kwa akina mama wadogo wa mimba ya kwanza, malaria ya kondo na presha vinakwenda pamoja, na wakapima ile protini yetu, ile ya basi bovu. sFlt-1 ilikuwa juu kwa wenye malaria ya kondo. Mwaka 2008 wakaongeza kwamba jini la FLT1 la mtoto mwenyewe lina tofauti zinazohusiana na jinsi mimba inavyostahimili malaria.

Mnaona uzito wake? Kitu kile kile ambacho mashine ya Ulaya inakisoma kama "presha ya mimba inakuja", huku kwetu kinaweza kuwa kinasema "kuna malaria kwenye kondo", au vyote viwili kwa pamoja. Na kinasema hivyo kwa nani? Kwa mama wa mimba ya kwanza, yule yule ambaye ndiye tunamhitajia kipimo. London hawana tatizo hilo. Wakiweka mstari wao kwamba juu ya namba hii ni hatari, mstari umechorwa kwa damu isiyo na malaria.

PlGF nayo ina lake. Wale wale wa London wameonyesha kwamba akina mama wenye asili ya Afrika wanaanza na PlGF iliyo juu zaidi kuliko wenye asili ya Ulaya, hata wakiwa wazima, na kompyuta yao inabidi irekebishe namba kwa kuangalia asili, uzito na wiki za mimba. Bila marekebisho, mama Mwafrika anayeelekea kuugua anaweza kuonekana salama, kwa sababu PlGF yake imeshuka kutoka juu ikafika pale ambapo kwa Mzungu ni kawaida. Na marekebisho yenyewe yametokana na Waafrika na Wakaribiani wanaoishi Uingereza. Mluguru wa Kinole, Mmakonde wa Newala, Mhaya wa Kamachumu, wote tumewekwa kapu moja la "asili ya Afrika" na kapu limepimwa London. Mimi ni mwanafunzi tu, lakini hata kwenye prakitiko ya mwaka wa kwanza tulifundishwa usitumie kipimio kabla hujakilinganisha na sampuli zako.

Halafu kuna suala la wiki. Kipimo cha mapema ni cha wiki 11 mpaka 14. Takwimu za utafiti wa afya ya uzazi nchini za mwaka 2015-16 zilionyesha wanawake waliokwenda kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ni asilimia 24. Imepanda baadaye, lakini wengi bado wanaanza mwezi wa nne, wa tano. Na tusiwalaumu bure. Kwetu mimba changa haitangazwi. Bibi yangu alikuwa anasema mimba ni siri ya kanga mpaka yenyewe ijitangaze, na kuna sababu za kuogopa, mimba changa zinatoka, na macho ya watu yapo. Dada mwenyewe alinipigia usiku kwa kunong'ona. Ukitaka damu ya wiki ya 12 lazima kwanza umpe mama sababu ya kuja wiki ya 12, na akifika akute mtu mwenye muda wa kumuuliza. Akikuta foleni na betri zimeisha, mimba ijayo atakuja mwezi wa sita.

Kuna waliojaribu kuruka kipimo kabisa. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa aspirini uliofanyika nchi sita, zikiwemo Kenya, Kongo na Zambia, karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza. Hawakupima damu ya mtu kutafuta hatari. Nusu walipewa aspirini miligramu 81 kila siku, nusu kidonge tupu. Waliojifungua kabla ya wiki 37 walishuka kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6. Presha ya mimba kwa ujumla haikupungua kwa kiasi cha kujivunia, ila wale waliojifungua kabla ya wiki 34 wakiwa na presha walipungua. Mimi hii inanivutia kuliko mashine. Wazo la kwamba binti yeyote wa mimba ya kwanza anayefika mapema apate aspirini bila kubandikwa jina la "hatari" lina heshima fulani ndani yake. Hakuna mama mkwe wa kusikia nusu.

Na wale wanaosema ni mambo ya wazungu wasisahau Dar es Salaam. Akina mama 11,000 wa mimba ya kwanza Dar, na wengine 11,000 kule Bengaluru India, walishiriki utafiti wa vidonge vya kalsiamu uliotoka Januari 2024. Ushauri wa siku nyingi ulikuwa gramu moja na nusu mpaka mbili kwa siku kwa watu wasiopata maziwa ya kutosha, yaani vidonge kadhaa vikubwa kila siku, nani anavimeza? Wakajaribu miligramu 500 dhidi ya 1,500. Dar, waliopata ugonjwa walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Kwa hiyo kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya vitatu. Hilo limejulikana kwa damu na uvumilivu wa wanawake wa Dar, na faida yake imekwenda dunia nzima. Kilifi nako, Rabai na Mariakani, wamekuwa wakikusanya damu na makondo ya akina mama kwenye utafiti wa PRECISE pamoja na Gambia na Msumbiji, ili angalau namba za Afrika zitoke Afrika.

Kuna matumizi mengine ya hizi protini ambayo Mwenyekiti hakuyagusa, na kwangu ndiyo yanayofaa mlimani kuliko kubashiri wiki ya 12. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliopima uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF kwa akina mama ambao tayari kuna wasiwasi nao, kichwa kinauma, presha inacheza cheza. Uwiano ukiwa 38 au chini, uwezekano wa kutougua ndani ya wiki moja inayofuata ulikuwa asilimia 99.3. Mwaka 2023 Marekani nayo ikaruhusu kipimo cha uwiano huo hospitalini. Hebu kifikirie kituo cha afya cha Mgeta, mvua inanyesha, barabara imekatika, kuna akina mama watatu wanalalamika kichwa, na gari ni moja. Nani ashuke? Kuwajua wawili wanaoweza kusubiri mpaka Jumatatu kungemfaa nesi wa pale kuliko utabiri wowote. Ila mstari wa 38 nao una swali lile lile la Muheza. Kama malaria inapandisha sFlt-1, tutashusha mlimani watu ambao walihitaji dawa ya malaria tu, na gari likishaondoka limeondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wale waliosema sina, ni huu. Mwaka huu, bila kungoja kitu, lile swali la mimba iliyopita liulizwe na liandikwe, betri zinunuliwe, aspirini na kalsiamu viwepo kliniki, na magineziamu isikosekane. Magineziamu tumejua tangu utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, kwamba inapunguza kifafa cha mimba zaidi ya nusu. Na vipimo vya damu visubiri, lakini visubiri huku tukivifanyia kazi sisi wenyewe. Kusubiri ukiwa umekaa ndiko kunakotufanya kila mara tuletewe mstari uliochorwa na wengine.

Na kazi yenyewe inawezekana mkoa huu huu wa kwetu, ndiyo ninachotaka kuwaambia wenzangu wa maabara. Tunayo Mgeta, zaidi ya mita 1,000 juu, baridi, mbu wachache. Tunalo bonde la Kilombero ambako malaria bado ipo, na Ifakara kuna taasisi ambayo imekuwa ikisoma malaria kwa miongo mingi, wana maabara, wana mafriza, wana watu wanaojua kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Chukua akina mama wa mimba ya kwanza huku na kule, wiki ya 12, pima PlGF, pima malaria, wafuatilie mpaka wajifungue, kata kipande cha kondo uangalie kama vijidudu vimo. Ukipata kwamba namba za mlimani na za bondeni zinafanana kwa wasio na malaria, umeshajua jambo. Zikitofautiana, umejua kubwa zaidi. Nimemuuliza mhadhiri mmoja, akacheka akasema hiyo ni kazi ya shahada ya tatu na fedha nyingi. Sawa. Lakini damu ya kliniki ya kwanza inachukuliwa kila siku kwa ajili ya kaswende na Ukimwi na wingi wa damu, na ikishasomwa inamwagwa. Mililita moja ya ile inayomwagwa, kwa ridhaa ya mama mwenyewe, ikiwekwa kwenye friza na tarehe na wiki ya mimba, inaweza kungoja mpaka fedha ipatikane.